Kilifi hadi Unguja kwa tanga: tupite ndani, tupite Pemba au tutoke bahari kuu?

SWALI: Nahodha, shikamoo. Tunaishi South B, Nairobi, na boti yetu ya tanga tunaiweka Kilifi. Ina urefu wa mita 10, mkuku wake, yaani uti wa chini, unashuka mita 1.6, na ina mashine ya dizeli. Shule zikifungwa tunataka kushuka nayo kusini hadi Mafia, mimi, mume wangu na watoto wawili wa miaka 9 na 13, kisha turudi Kilifi kabla ya shule kufunguliwa Januari. Mume wangu anasema tupite nje kabisa, mashariki ya Pemba na Unguja, kwa sababu huko hakuna miamba ya kukwepa. Rafiki yetu anasema tupite magharibi ya Pemba. Mimi naona bora tuambae pwani. Nani yuko sahihi? Pia mume wangu anauliza kama mwakani tunaweza kuendelea hadi Msumbiji.

JIBU: Marahaba, dada. Kati yenu watatu nakuunga mkono wewe. Lakini Mafia itabidi muiache mwaka huu, muishie Unguja, na boti isirudi Kilifi Januari. Ibaki Tanga, irudi Aprili.

Nyote watatu mmeitazama ramani kutoka juu kwenda chini, mkajiuliza mpite wapi mkitoka Kilifi. Kwenye pwani hii hilo ni swali la pili. La kwanza ni mtarudi na upepo gani. Waliosema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, walikuwa mabaharia.

Kaskazi, upepo wa msimu wenu wa kushuka, huanza kujaribujaribu Novemba, hukaa sawa Desemba, hupata nguvu Januari na Februari, kisha hufa Machi. Hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo ukishuka nayo iko mgongoni au ubavuni, na hata mgeni wa bahari hujiona nahodha. Majahazi ya Lamu yalishuka nayo hadi Mombasa, Zanzibar na Kilwa kwa karne nyingi. Lakini hakuna nahodha wa jahazi aliyepanga kushuka Desemba na kupanda Januari. Alishuka na kaskazi, akafanya biashara yake, akakitengeneza chombo, akangoja kusi, upepo wa kutoka kusini, imrudishe. Likizo ya shule za Kenya haikuwamo kwenye hesabu zao, na hapo ndipo shida yenu inapoanzia.

Chukueni ramani muweke rula kati ya Tanga na Mombasa. Maili zote ninazotaja hapa ni za baharini, kilomita 1.85 kila moja. Mtapata maili karibu 70, na mwelekeo wake ni kaskazini kuelekea mashariki kidogo, nyuzi 30 hivi kwenye dira. Huko ndiko kaskazi inakotokea. Yaani pwani ya Kwale yote imelala sambamba na upepo, na kupanda Januari ni kubisha mwanzo hadi mwisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Boti ya mita 10 inayokata maili 5 kwa saa majini itapata kama maili 3 tu za kweli kuelekea inakokwenda, na hizo ni pale bahari ikiwa na adabu.

Nayo haitakuwa na adabu, kwa sababu ya mkondo. Kwenye pwani ya Tanzania na ya Kenya, angalau hadi karibu na Malindi, mkondo huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unaweza kufika maili 4 kwa saa. Wakati wa kaskazi hupungua sana, lakini haugeuki. Kinachogeuka ni mkondo wa Somalia, ambao miezi hiyo hushuka kusini, ukakutana na huu wetu mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, kisha yote miwili ikakata kwenda mashariki, bahari kuu. Ndiyo maana baharia wa Lamu na baharia wa Mombasa wanaweza kukueleza mambo mawili tofauti kuhusu mkondo wa Januari, na wote wawe wakweli. Nyinyi hesabuni kwamba kuanzia Kilifi mkondo utakuwa dhidi yenu, maili 1 hadi 2 kwa saa kwenye maji marefu.

Maana yake ni kwamba msimu wote wa kaskazi, upepo na mkondo wa pwani hii vinapigana. Pale vinapokutana kwenye kina kirefu, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama. Ukishuka yanakuja kwa nyuma, unayavumilia. Ukipanda yanakupiga usoni, boti inaruka na kudondoka, watoto wanatapika na dereva naye anawafuata. Kwa hiyo kanuni ya njia yenu ni kukaa kwenye maji mafupi, upande wa bara wa mstari wa kina cha mita 100 kwenye ramani, ambako mkondo ni dhaifu na bahari ni laini zaidi.

Sasa njia ya mumeo. Ana hoja: aliye mbali na mwamba hagongi mwamba. Lakini atazame pwani za mashariki za Pemba na Unguja. Miezi hiyo upepo unazisukumia vyombo. Mashine ikizima au tanga likichanika, boti inakokotwa kuelekea mwamba mrefu wenye milango michache, na nyuma yake hakuna bandari ya kukimbilia usiku. Mawimbi ya huko yanatoka bahari kuu bila kizuizi. Isitoshe, mtakuwa kwenye mkondo wenyewe. Kutoka Kilifi hadi Mafia ni zaidi ya maili 250 hata kwa mstari ulionyooka. Boti ikienda maili 5 na mkondo ukila moja na nusu, hizo ni siku tatu mchana na usiku, na wakesha zamu ni watu wawili tu ambao pia ni wazazi. Kwa mabaharia wanne wazima ningesema jaribuni. Kwenu nasema hapana.

Njia ya rafiki yenu ni nzuri, na nyuma ya Pemba kuna maji matulivu ambayo mtu hayasahau. Kutoka Shimoni hadi ncha ya kaskazini ya Pemba ni maili 25 hivi, upepo ukiwa ubavuni, mwendo mtamu kabisa. Tatizo ni kwamba mlango wa bahari kati ya Pemba na bara ni mrefu sana, zaidi ya mita 700 katikati, na mkondo unapenyeza humo kwa nguvu. Inabidi mwelekeze boti kusini zaidi ya mnakokwenda, la sivyo mtasukumwa kaskazini mkikose kisiwa. Mkifika, kina kinapanda ghafla kutoka mamia ya mita hadi mwamba, kwa hiyo nje hakuna pa kutia nanga. Mnalazimika kuingia kwa milango kama Njao au Fundo, myembamba, yenye maji yanayokimbia kila yanapojaa na kupwa. Pemba iwekeni safari ya pili, mkishaizoea boti yenu kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Inabaki njia yako ya ndani, ya kuambaa pwani. Ondokeni Kilifi katikati ya Desemba, si Novemba. Novemba ni maleleji na mvua za vuli, upepo haujajua unakotaka kwenda. Siku ya kwanza lengeni Mtwapa au Mombasa, maili 20 hadi 30. Ya pili ni ndefu kuliko zote za mwanzo: Mombasa hadi Shimoni, kama maili 40. Tokeni na mwanga wa kwanza, saa 12 asubuhi, wakati umande, upepo wa alfajiri, bado unavuma kutoka bara na bahari haijaamka. Kaskazi yenyewe hukaza kuanzia mchana.

Kwenye mwendo wa upepo wa nyuma na watoto ndani, shusheni tanga kuu mwende na tanga la mbele peke yake. Mtapoteza maili moja kwa saa, pengine pungufu. Mtapata boti ambayo ule mti wa chini wa tanga kuu hauwezi kugeuka ghafla na kumpiga mtu kichwani. Hiyo ndiyo ajali ya kawaida zaidi ya kushuka na kaskazi, na hutokea siku nzuri, mtu akiwa amesimama kupiga picha.

Kuingia ndani ya miamba kuna saa yake. Karibu milango yote ya upande huu mnaiingia mkielekea magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma yenu na mwamba unaonekana: kahawia ni mwamba, kijani kibichi ni mchanga, buluu iliyokolea ni kina. Kuanzia saa 9 alasiri jua liko usoni na bahari yote inakuwa bati linalong'aa. Jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: Desemba jua la utosi liko kusini yetu, kwa hiyo hata saa 6 mchana anayeelekea kusini analo mbele kidogo. Vaeni miwani ya jua ile inayokata mng'ao, na mtu mzima mmoja asimame omoni, mbele kabisa ya boti. Ramani za simu ni nzuri kwa safari ya nje, lakini ndani ya hori ndogo zinategemea vipimo vya zamani. Picha za setilaiti mzipakue mkiwa bado nyumbani.

Kisha bamvua. Mombasa hadi Unguja, maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Tuseme mmefika Shimoni saa 9 alasiri siku mbili baada ya mwezi mpevu. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 hivi, kwa hiyo yanakaribia kujaa. Kipimo kinasoma mita 5, mahali ni pazuri, mnatia nanga, mnapika wali. Ikifika saa 4 usiku maji yameshuka mita 3.5, na chini yenu imebaki mita 1.5. Mkuku wenu ni mita 1.6. Mmepwelewa, boti imelala ubavu gizani, na watoto wamebingirika kitandani. Kwa saa hiyo tafuteni mahali kipimo kinaposoma mita 7. Ongezeni mita moja ya urefu wa omo kutoka majini, zidisheni kwa 5, mtoe mnyororo wa mita 40. Mkiwa na pungufu ya hapo, nunueni kabla ya Desemba.

Bamvua ina faida yake pia. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, wakati jua liko pazuri, na miamba imejianika. Ukiingia mlango saa hiyo unaona kila kitu, na ukigusa, maji yanayoanza kujaa yatakuinua. Msiingie mahali pageni maji yakipwa.

Shimoni mkae siku mbili, iko nyuma ya kisiwa cha Wasini na watoto watafurahia hifadhi ya bahari ya Kisite. Hapo au Mombasa ndipo mnapotoka Kenya kisheria, uhamiaji na forodha. Pigeni simu mapema, msifike Jumamosi jioni mkitarajia muhuri. Bebeni pasipoti za wote wanne, cheti cha usajili wa chombo na kadi za chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Tanzania huzidai kwa wanaotoka Kenya. Chanjo mchomwe Nairobi angalau siku 10 kabla, ndipo cheti kinapoanza kuhesabika.

Shimoni hadi Tanga ni maili 30. Tanga ni bandari tulivu, mtaingia Tanzania hapo, na hapo ndipo mtakapoiacha boti baadaye, kwa hiyo siku hiyo hiyo anzeni kuulizia sehemu ya kuifunga na mlinzi wa kuaminika. Waulizeni forodha, kwa maandishi, boti ya kigeni inaruhusiwa kukaa muda gani. Jibu la mdomo halimfai mtu Aprili ofisa akiwa amehamishwa.

Kutoka Tanga shukeni hadi Maziwe, fungu la mchanga mbele ya Pangani, mahali pa kupumzika mchana na si pa kulala upepo ukiwa mkali. Kutoka hapo hadi ncha ya kaskazini magharibi ya Unguja ni maili 20 tu, upepo ubavuni. Mkishapita Nungwi mko kwenye kivuli cha kisiwa na maji yanalainika ghafla. Msishangae kuulizwa karatasi upya: Zanzibar ina ofisi zake za bandari na ukaguzi, na kugongewa muhuri Tanga hakuwamalizii kazi. Mwaka mpya mtauona Unguja.

Usiku msitembee kwenye njia hii ya ndani. Ngalawa za wavuvi hazina taa, na nyavu huwezi kuziona. Karibu na Mji Mkongwe kuna boti za abiria ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam, ambazo zikikuzindua usingizini zimeshakupita.

Kurudi kutoka Unguja hadi Tanga si kama kurudi Mombasa, na ndiyo maana mpango huu unawezekana. Kutoka Kendwa, Tanga iko kaskazini kuelekea magharibi kidogo, maili kama 42. Kaskazi itakuwa upande wa kulia mbele, kwa pembe ambayo boti yenu inaiweza kwa mkato mmoja bila kubisha, na mkondo safari hii unawasukuma. Mtalowa, lakini mtafika mchana. Upepo ukitabiriwa kupita maili 20 kwa saa, ngojeni. Idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner hutoa utabiri wa bahari, na ile ya Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi. Someni zote mbili, mkiamini ile mbaya zaidi. Acheni siku nne tupu kabla ya shule kufunguliwa, kwa kungoja tu. Mwenye tarehe na asiye na akiba ya siku ndiye anayetoka siku ambayo wavuvi wamebaki ufukweni.

Boti ikishafungwa Tanga, pandeni basi hadi Mombasa kupitia Horohoro na Lunga Lunga, kisha treni hadi Syokimau, na South B mnaijua njia. Likizo ya Aprili mtakuja kuichukua. Kusi itakuwa imeingia, upepo na mkondo vyote vinakwenda kwenu, na zile maili 70 za kuteseka zinakuwa mbio za siku mbili na kulala Shimoni. Aprili kuna mvua kubwa na vishindo vya upepo chini ya mawingu meusi, kwa hiyo punguzeni tanga mapema, na mlango wa Kilifi muuingie maji yakijaa, mchana. Hata hivyo afadhali hivyo mara kumi.

Watoto wavae jaketi na kamba ya usalama kila wakiwa nje ya chumba, na huyo wa miaka 13 afundishwe redio ya VHF: chaneli 16, jina la boti, mahali mlipo, shida ni nini, watu wangapi. Kituo cha uokoaji wa baharini kiko Mombasa. Mwambieni pia mtu mmoja Nairobi njia yenu na saa ya kumpigia. Mkifanya mazoezi kwenye ziwa Naivasha, yatawafundisha kupunguza tanga upepo ukikaza alasiri, ila hayatawafundisha maji kupwa, kwa hiyo Novemba mlale walau usiku mmoja kwenye nanga ndani ya hori ya Kilifi, siku ya bamvua.

Mafia? Kutoka kusini ya Unguja hadi Kilindoni ni karibu maili 90, bila pa kulala pa uhakika njiani, na mkifika bado mnadaiwa njia yote ya kurudi. Ni safari ya mwaka ambao boti inaweza kukaa kusini miezi mitatu.

Kuhusu Msumbiji, jibu langu kwa mumeo ni hapana, na si woga. Msimu wenu wa kushuka ndio msimu wa vimbunga, takriban Novemba hadi Aprili. Chido ilipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024 na kesho yake ikaingia Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji. Kenneth ilipiga mkoa huo huo Aprili 2019. Mwezi Mei 2024, wakati wengi walidhani msimu umekwisha, Hidaya ilifika hadi maji ya Mafia. Juu ya hayo, Cabo Delgado ina vita tangu Oktoba 2017, na pwani yake ndiyo ya kwanza kwa anayetoka Mtwara. Na mtoe karatasi za bima ya boti mzisome leo jioni. Bima nyingi za boti hutaja mpaka wa eneo na miezi ya vimbunga, na inawezekana hata Tanga iko nje ya eneo mlilolipia.